Mradi Wako wa Programu Huria: Ujiunge na Wakfu au Usubiri?

Mwezi Aprili 2025 watumiaji wa NATS, programu huria inayosafirisha ujumbe kati ya mifumo ya kompyuta, walishtuka kusikia kwamba mradi wanaoutegemea una wadai wawili. Kampuni ya Synadia, iliyoanzishwa na mwasisi wa NATS, ilikuwa imeukabidhi mradi huo mwaka 2018 kwa Cloud Native Computing Foundation, kwa kifupi CNCF, ambayo iko chini ya Linux Foundation. Sasa kampuni ilitaka kuuchukua tena. Ilidai domeini, ikadai repo ya GitHub, na ikapanga kubadilisha leseni. CNCF ikakataa. Katika mvutano huo likajitokeza jambo ambalo kwa miaka saba lilikuwa halijamalizwa: usajili wa jina NATS kama alama ya biashara ulikuwa bado mikononi mwa kampuni. Tarehe 1 Mei pande mbili zikatangaza mapatano. Kampuni ilikubali kuhamishia usajili wa jina Linux Foundation, na programu ikabaki na leseni ya Apache 2.0.

Kila kikundi chenye mradi mchanga wa programu huria kingefaidika na kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha wakfu ni kitu gani hasa. Wakfu ni mmiliki. Anayejiunga nao anahamisha mali, kisha anapokea ulinzi na kanuni. Hayo ni mabadilishano mazito, na yana faida kubwa yakifanyika kwa wakati wake. Ushauri wangu, ambao sehemu zote za mwongozo huu zinauelezea, ni huu: jiungeni mkiwa na tatizo la umiliki; mkiwa na tatizo la mikono, subirini.

Wakfu hufanya kazi gani

Mradi mchanga huwa hauna nafsi mbele ya sheria. Hauwezi kufungua akaunti ya benki, kusaini mkataba, wala kushtaki anayetumia jina lake vibaya. Yote hayo hufanywa na mtu. Domeini imelipiwa kwa kadi ya mtu, repo iko chini ya akaunti ya mtu, michango inaingia kwenye simu ya mtu. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeliona hilo. Mtu huyo akiugua, akiajiriwa na kampuni inayomkataza, au akikosana na wenzake, mradi mzima hukwama pamoja naye.

Wakfu huingia hapo kwa njia nne. Kwanza, hushika mali za mradi: jina, nembo, domeini, na pengine haki fulani juu ya msimbo. Pili, hupokea fedha na kuzitumia kwa niaba yenu, ukiwa na vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa. Tatu, huweka kanuni za namna ya kuamua na za nani awe na sauti mnapotofautiana. Nne, hutia saini mikataba kwa jina lake, ili mwandaaji wa mkutano wa mwaka asibebe deni la ukumbi mgongoni mwake.

Sasa lililo muhimu zaidi kwa mradi mchanga: wakfu hauzalishi wachangiaji. Ushahidi mzuri ni OpenOffice. Septemba 2010 sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga waliondoka, wakaanzisha LibreOffice pamoja na The Document Foundation. Juni 2011 kampuni ya Oracle ikaukabidhi msimbo na jina la OpenOffice kwa Apache Software Foundation, mojawapo ya wakfu zenye heshima kubwa katika fani hii. Jina lilikuwa linajulikana dunia nzima, na makao yalikuwa imara. Lakini watu walikuwa wamekwishaondoka. Tangu hapo LibreOffice imekuwa ikitoa matoleo mapya kwa kasi, huku OpenOffice ikijikokota.

Chunguzeni kwanza shida yenu

Kabla ya kusoma masharti ya wakfu wowote, kaeni mliozoea kuutunza mradi, kila mmoja aandike peke yake jibu la swali hili: ni nini kinachotunyima usingizi? Kisha yapangeni majibu katika mafungu mawili.

Fungu la umiliki lina mambo kama haya. Kampuni mbili zinazotumia programu yenu zinasita kuchangia msimbo kwa sababu kila moja inaogopa kumjengea mshindani. Mfadhili yuko tayari kutoa fedha lakini hana wa kumwandikia hundi. Mtu asiyehusika anauza huduma kwa jina lenu. Wizara au hospitali inauliza ni nani atakayewajibika mwanzilishi akiondoka. Mwajiri wa mmoja wenu ameanza kudai kwamba mradi ni wake. Haya yote huponywa na mmiliki asiyeegemea upande, na hiyo ndiyo kazi ya wakfu.

Fungu la mikono ni tofauti. Mtunzaji ni mmoja na amechoka. Taarifa za hitilafu zinarundikana bila kujibiwa. Hakuna maelezo ya kumwezesha mgeni kuanza. Watumiaji ni wachache na hawajui kwamba wanaweza kuchangia. Mkipeleka shida hizi kwenye wakfu mtaongeza kazi juu ya kazi, kwa maana sasa kutakuwa na ripoti za kuandika na vikao vya kuhudhuria, na wa kuyafanya ni yule yule aliyechoka.

Uchovu huo si jambo dogo. Machi 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu katika kila mfumo wa Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Aliyeutia alikuwa mchangiaji aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, mbele ya mtunzaji aliyekuwa akifanya kazi karibu peke yake na kusukumwasukumwa na watu wa kumlaumu kwa kuchelewa. Mtu aliyeelemewa huhitaji wenzake wa kweli, wanaojulikana, wanaosoma msimbo pamoja naye. Mkiwa katika hali hiyo, tumieni miezi ijayo kumpata mtunzaji wa pili na wa tatu. Wakfu utakuwepo tu.

Wakfu hazifanani

Watu husema "tujiunge na wakfu" kana kwamba zote ni kitu kimoja. Zinatofautiana sana, na kosa la kuchagua aina isiyofaa ni gumu kulisahihisha.

Apache Software Foundation ilisajiliwa Marekani mwaka 1999 kama shirika la hisani. Huko anayehesabika ni mtu binafsi; kampuni haina kiti wala kura katika mradi. Jina la mradi huwa mali ya Apache, na leseni lazima iwe Apache 2.0. Kama programu yenu inatumia GPL, au imejengwa juu ya maktaba ya GPL ambayo haiwezi kuondolewa, mlango huo umefungwa mpaka wenye hakimiliki wote wakubali kubadilisha leseni. Tena, kwa desturi yake Apache haiwalipi watu kuandika msimbo. Mkitafuta mshahara, huko siko.

Linux Foundation ni jumuiya ya wafanyabiashara kwa mujibu wa sheria za kodi za Marekani. Kampuni hulipa ada za uanachama, na ada hizo huendesha wakfu nyingi ndogo ndani yake. CNCF ni mojawapo. Ilianza mwaka 2015 Google ilipoikabidhi Kubernetes. Hapo bodi ya kampuni zinazolipa husimamia bajeti, na kamati ya kiufundi huamua miradi ya kupokelewa na ya kupanda ngazi, kuanzia hatua ya majaribio hadi ya ukomavu. Ni makao mazuri kwa programu ambazo kampuni kubwa zinashindana juu yake. Programu ya kuendesha maktaba ya shule haina la kufanya huko.

Aina ya tatu ni wakfu zinazoipa miradi midogo nafsi ya kisheria bila kuipangia sana namna ya kuishi. Software in the Public Interest ilianzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya Debian, na hukata asilimia 5 ya michango. Software Freedom Conservancy, iliyoanza 2006 na yenye miradi kama Git na Inkscape, hukata asilimia 10; nayo husaidia zaidi katika mikataba, sheria na utetezi wa leseni. Open Source Collective nayo hukata asilimia 10. Kazi yake kubwa ni kupokea na kulipa fedha hadharani, kila mtu akiona kilichoingia na kilichotoka, na haiwadai mambo mengi. Kwa kikundi ambacho shida yake pekee ni mahali pa kuweka dola elfu mbili za mfadhili, aina hii ya tatu karibu kila mara ndiyo ya kuanzia.

Zipo pia za fani maalumu. NumFOCUS, iliyoanza 2012, hulea programu za kisayansi kama NumPy na pandas. Eclipse Foundation ilihamishia makao yake ya kisheria Brussels mwaka 2021, na hupendwa na wanaotaka mmiliki aliye chini ya sheria za Ulaya.

Toleo moja ndani ya kiatamizi cha Apache

Ili gharama ya kanuni ionekane, tuchukue mradi wa kufikirika: programu ya hesabu za SACCO inayotunzwa na watu watatu, mmoja yuko Mwanza, mwingine Nakuru, wa tatu Kampala. Wamekubaliwa katika kiatamizi cha Apache, yaani mahali ambapo miradi mipya hulelewa kabla ya kupewa hadhi kamili. Kila mchangiaji mkuu ametia saini hati inayothibitisha kwamba ana haki ya kutoa msimbo wake. Wana walezi waliopewa na Apache. Huandika ripoti kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu.

Jumatatu asubuhi wanagundua kwamba programu inakosea kukokotoa riba mkopo unapolipwa kabla ya muda. Kurekebisha kunachukua saa mbili. Wangekuwa peke yao, toleo jipya lingetoka kabla ya adhuhuri na SACCO zingesasisha siku hiyo hiyo. Ndani ya kiatamizi, wanafunga msimbo wa toleo na kuutia saini ya kidijitali, kisha wanaitisha kura ya hadharani. Kwa kawaida kura hukaa wazi saa 72, na toleo hupita likipata kura za ndiyo zisizopungua tatu zenye uzito, mradi ndiyo zizidi hapana. Hapo ni Alhamisi. Halafu huitishwa kura ya pili mbele ya kamati ya kiatamizi yenyewe, saa 72 nyingine. Hapo ni Jumapili. Mjumbe mmoja akigundua kwamba faili fulani halina tamko la leseni, au kwamba kuna maktaba ya mtu mwingine ambayo haikutajwa, toleo linarudishwa na hesabu inaanza upya. SACCO inaweza kuipata riba sahihi wiki ya pili.

Mtu mwenye haraka ataona huo ni usumbufu mtupu. Mimi naona ndani yake jambo la thamani ambalo mradi mchanga hujifunza kwa shida: kila faili lina mwenyewe anayejulikana, kila toleo limepita mbele ya macho zaidi ya mawili, na uamuzi umeandikwa mahali ambapo mtu atakayejiunga miaka mitano baadaye ataweza kuusoma. Benki itakayotaka kuijenga huduma yake juu ya programu hiyo haitalazimika kuanza kuuliza msimbo ulitoka wapi. Faida hiyo, hata hivyo, ni ya mradi ambao msingi wake umetulia. Kama bado mnabadilisha muundo wa hifadhidata kila wiki na mnatoa matoleo mawili kwa siku, kanuni hizi zitawavunja moyo kabla hazijawafaa.

Jina ndilo lenye thamani kubwa

Msimbo wa programu huria unaweza kunakiliwa na yeyote. Jina haliwezi. Ndiyo maana ugomvi mkali huzuka juu ya jina, kama ilivyokuwa kwa NATS. Mwaka 2010 Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun, ilirithi pia Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo iliyotungwa na mfanyakazi wa Sun, Kohsuke Kawaguchi. Oracle ikadai kwamba jina ni lake. Wachangiaji walikuwa na msimbo, walikuwa na watumiaji, walikuwa na mwasisi mwenyewe, lakini hawakuwa na jina. Mwanzoni mwa 2011 wakapiga kura na kuondoka kwa jina jipya, Jenkins. Watumiaji wengi waliwafuata, ila ilibidi kila mwongozo, kila tovuti na kila kozi iandikwe upya.

Mifos ilitumia njia nyingine, na inawafaa wenye miradi ya Afrika Mashariki kuifahamu, kwa kuwa inahusu mikopo midogo na akiba, mambo ambayo SACCO na vikundi vyetu huyaishi kila siku. Programu hiyo ilianzia Grameen Foundation. Mwaka 2011 ikapata chombo chake huru, Mifos Initiative. Desemba 2015 msingi wa msimbo wake ukaingia kiatamizi cha Apache kwa jina jipya, Fineract, na Aprili 2017 ukapewa hadhi ya mradi kamili. Jina la Mifos halikutolewa. Lilibaki kwa Mifos Initiative, ambayo inaendelea kujenga bidhaa na kuhudumia taasisi za fedha juu ya Fineract. Kwa hiyo kuna njia ya kutoa kitovu cha programu kwa wakfu huku mkibaki na jina mnalofanyia kazi ya kuwaingizia riziki. Kama mna kampuni ndogo inayouza huduma kwa jina la mradi, lizungumzeni hili mapema kuliko jambo jingine lolote.

Hatua ya kufanya sasa: jueni ni nani aliyesajili jina lenu, na wapi. Kenya alama za biashara husajiliwa na KIPI, Tanzania Bara na BRELA, Uganda na URSB. Tafuteni katika daftari zao, kisha tafuteni katika daftari za Marekani na Ulaya zilizo wazi mtandaoni. Mkikuta jina linafanana na la kampuni nyingine ya programu, badilisheni leo mkiwa na watumiaji mia, msingoje mfike laki.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Wakfu wenye nia njema hautachukia kuulizwa. Ulizeni kwa maandishi, na majibu yahifadhiwe.

1. Tunahamisha nini hasa? Jina, nembo, domeini, hakimiliki, akaunti za mitandao, au baadhi tu? Kila kimoja kitahamishwa kwa hati gani, na lini? Wekeni tarehe ya mwisho. Jambo lililoachwa "tutamalizia baadaye" ndilo lililoupa nguvu mgogoro wa NATS.

2. Tukitaka kuondoka, tunaondoka na nini? Katika mashirika ya hisani ya Marekani, mali iliyotolewa haiwezi kurudi mfukoni mwa mtu binafsi. Mara nyingi inaweza kuhamia shirika jingine la hisani, basi. Hilo linawalinda watumiaji wenu dhidi yenu wenyewe, na ni jema, lakini lijueni kabla.

3. Wakfu wenyewe ukifa? Februari 2024 Open Collective Foundation ilitangaza kwamba itavunjwa mwisho wa mwaka huo, na vikundi vilivyokuwa chini yake vikalazimika kutafuta makao mapya kwa haraka. Msiichanganye na Open Source Collective, ambayo ni shirika jingine na inaendelea. Ulizeni akiba yao ya fedha ni ya muda gani na mkataba unasemaje kuhusu kuvunjwa.

4. Nani anaamua mambo ya kiufundi? Je, anayelipa ada anapata kura juu ya msimbo? Nani anaweza kumwondoa mtunzaji, na kwa utaratibu upi?

5. Fedha zinatufikiaje? Mwulizeni mhasibu wao jinsi mtu wa Dodoma au Kisumu atakavyorudishiwa nauli aliyotumia: kwa akaunti ya benki au kwa njia nyingine, kwa sarafu gani, baada ya siku ngapi, na nani atabeba makato. Waulizeni pia kama wamewahi kulipa mtu katika nchi yenu.

6. Kazi ya kila mwezi ni kiasi gani? Ripoti, vikao, ukaguzi wa leseni. Zigeuzeni kuwa saa, kisha mtajane kwa jina: nani atazitoa?

7. Wamekwishashindwa wapi? Apache ina mahali maalumu, pameitwa Attic tangu 2008, panapohifadhiwa miradi iliyokufa. Someni historia ya miwili mitatu inayofanana na wenu, muone ilikufa kwa nini. Kisha wasilianeni na mtunzaji wa mradi ulio hai na mwombeni mazungumzo ya nusu saa. Mtajifunza mengi kuliko katika kurasa za kujitangaza.

Wakfu si makao pekee

Miradi miwili inayotumika sana kwetu imekua kwa njia nyingine. DHIS2, ambayo wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu zake, inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na mtandao wa vikundi vya mifumo ya taarifa za afya, viitwavyo HISP, katika nchi nyingi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH, ulijiundia shirika lake wenyewe lisilo la faida. Yote miwili ilikuwa na kitu ambacho mradi mchanga kwa kawaida hauna: taasisi kubwa iliyolipa mishahara kwa miaka mingi. Chuo au hospitali ikiwa tayari kuwabeba hivyo, hayo ni makao, ilmradi yaandikwe. Kusajili shirika lenu wenyewe nako kunawezekana, ila hesabuni gharama za mkaguzi, taarifa za kila mwaka na mtu wa kuzifuatilia. Vikundi vingi vya watu watatu havizimudu, na shirika lisilowasilisha taarifa zake hugeuka mzigo.

Kazi ya kufanya hata mkiamua kusubiri

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Miradi mingi inapokataliwa au kucheleweshwa na wakfu, sababu ni daftari. Hakuna anayejua msimbo fulani aliuandika nani, wala kama mwajiri wake aliridhia. Kwa hiyo anzeni kuandika sasa, mradi ungali mdogo na kila mtu bado anapokea simu.

Wekeni faili la leseni, moja, linaloeleweka. Orodhesheni maktaba zote mnazotumia pamoja na leseni zake. Kila mchangiaji athibitishe kwa maandishi kwamba alichotuma ni chake kukitoa. Wenye ajira waangalie mikataba yao, kwa kuwa katika sheria za nchi nyingi kazi iliyofanywa katika ajira ni mali ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine. Barua fupi ya ruhusa leo itawaepusha na wakili kesho. Hamishieni repo katika akaunti ya kikundi yenye wasimamizi wasiopungua wawili. Domeini iwe na zaidi ya mtu mmoja anayeweza kuilipia. Na muandike ukurasa mmoja unaosema jinsi mnavyofanya maamuzi: nani ana ruhusa ya kuunganisha msimbo, mgeni anaipataje ruhusa hiyo, na mkikosana mnafanyaje.

Kazi hiyo ni ya wiki chache. Ikikamilika, huenda mkagundua kwamba nusu ya shida mliyotaka kuipeleka kwenye wakfu imekwisha.

Kufikia uamuzi

Baada ya hayo, pimeni hivi. Kama mna watunzaji watatu au zaidi wasio wa mwajiri mmoja, programu inayotumika na watu msiowajua, na angalau tatizo moja la umiliki lililokwishawauma, tafuteni wakfu na muanze mazungumzo mwaka huu. Kama shida ni fedha tu, nendeni kwa wakfu mwepesi wa kupokea michango na mbaki na jina lenu. Kama mtunzaji ni mmoja, au programu haijapata watumiaji nje ya ofisi yenu, subirini bila aibu. Kama jina na msimbo ni vya kampuni inayotarajia kuishi kwa kuuza huduma zake, kampuni hiyo iamue kwanza kwa moyo mmoja iwapo iko tayari kutokuwa mwenye nyumba tena. Jibu likiwa hapana, ni heri kulisema waziwazi kuliko kukabidhi nusu.

Uamuzi wowote mtakaoufikia, uandikeni pamoja na sababu zake na tarehe ya kuupitia tena baada ya miezi kumi na miwili, kisha muutangaze kwa wanaoitumia programu. Wao ndio wenye haki ya kwanza ya kujua. Karani wa SACCO anayefunga hesabu za siku na muuguzi anayetafuta jalada la mgonjwa hawatasoma mkataba wenu kamwe, lakini wameiamini kazi yenu kiasi cha kuitegemea. Ulizeni kila kipengele cha mkataba kwa ajili yao: tukiondoka sote kesho, je, programu hii itaendelea kuwa yao? Makao yatakayowaruhusu kujibu ndiyo bila kusita ndiyo yanayofaa, yawe wakfu mkubwa, shirika dogo, chuo, au ukurasa mmoja wa makubaliano mliotia saini watu watatu.